Nasaba ni Khabari, si Daraja

Katika mambo yanayozungumzwa mabarazani mwa miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, ni machache yanayozungumzwa kwa hamu kama nasaba. Mtu akitajwa, huulizwa kwanza ni mtoto wa nani, kisha ni wa kabila gani, na baadaye, ikiwa nafasi imebaki, ndipo huulizwa tabia yake na elimu yake. Posa hukataliwa kwa ajili ya jambo hili, majirani hudharauliana kwa ajili yake, na katika siasa watu huambiana kuwa huyu ni mwenyeji na yule ni mgeni. Jambo lenye nguvu kiasi hiki halifai kuachwa mikononi mwa wapiga soga. Yatupasa tulitazame kwa akili, tujue lina kweli gani ndani yake, na kweli hiyo yatuwajibisha nini.

Limetuhimiza kuandika jambo lililotokea tarehe 29 Machi 2023. Siku hiyo jarida la elimu liitwalo Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani yetu. Waliouongoza ni pamoja na Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, na Chapurukha Kusimba, Mkenya mwanaelimu wa mambo ya kale. Walichunguza mabaki ya watu 80. Walio wengi walizikwa baina ya mwaka 1250 na mwaka 1800 wa miladi katika miji sita ya pwani: Manda, Faza na Mtwapa upande wa Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania. Wengine walitoka Makwasinyi, bara ya Taita, mwendo wa kilomita mia hivi kutoka baharini, nao ni wa baada ya mwaka 1650.

Kabla ya kueleza walichokiona, twaona ni vyema tueleze jinsi mifupa inavyoweza kutoa khabari, maana mtu asiyejua njia ya dalili hana budi kuiamini yote au kuikataa yote, na mambo hayo mawili yote ni ya kipofu.

Kila mwanadamu hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Vinasaba hivyo vimepangika katika nyuzi ndefu. Mume wa nchi moja akizaa na mke wa nchi ya mbali, mtoto wao huwa na nyuzi za namna mbili: hizi nzima za kwao baba, na hizi nzima za kwao mama. Lakini mtoto huyo naye akija kuzaa, nyuzi zile hukatwa na kuungwa upya kabla ya kupita kwa mwanawe, hata mjukuu akapokea uzi mmoja wenye vipande vya pande zote mbili. Kila kizazi kinapopita, nyuzi hukatwa tena na vipande hufupika. Basi mwanachuoni akipima urefu wa vipande hivyo aweza kukadiria vizazi vilivyopita tangu watu wale walipochanganyika. Vipande virefu ni dalili ya mchanganyiko wa karibu, na vifupi ni dalili ya mchanganyiko wa zamani.

Tena kuna sehemu mbili ambazo hazichanganyiki. Moja, iitwayo mitokondria, hupita kwa mama peke yake: mama humpa mtoto, na binti humpa mtoto wake. Ya pili ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, naye akampa wake. Kwa hiyo mfupa mmoja waweza kuulizwa maswali mawili mbalimbali: kuukeni kwako ni wapi, na kuumeni kwako ni wapi? Ni kwa njia hii elimu hii imejulisha safari za watu wengi ambazo hazikuandikwa popote. Watu wa Bukini, kwa mfano, lugha yao ni ndugu ya lugha za kisiwa cha Borneo, na vinasaba vyao vimeonyesha kuwa wazee wao ni wa huko mashariki ya mbali na wa Afrika pia, wakakutana katika kisiwa kimoja.

Sasa tuje kwetu. Watu wengi katika wale wa miji ya pwani walionekana kuwa zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Afrika, na vya Afrika hivyo vilitoka zaidi kwa akina mama. Sehemu kubwa iliyobaki, ambayo kwa wengine ilipita nusu, ni ya Asia. Katika sehemu hiyo ya Asia, kiasi cha asilimia 80 mpaka 90 kilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kulikuwa na sehemu ya Bara Hindi pia. Mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 wa miladi, nao ndio wakati ambao Uislamu ulienea sana katika miji yetu. Kisha, kuanzia kiasi cha mwaka 1500, asili ya Bara Arabu ikazidi kuingia. Amma asili ya Kiafrika ya watu wa Manda na Mtwapa ilikuwa karibu na ile ya watu wa Makwasinyi, yaani watu wa bara yao hiyo hiyo, si watu wa kutoka mbali.

Wazee wetu hawakuwa wakisema uwongo, basi, waliposimulia kuwa baadhi ya mababu walitoka Shirazi. Tarikhi ya Kilwa yasimulia khabari za mfalme wa Shirazi na wanawe waliosafiri katika majahazi saba, na mmoja wao akainunua Kilwa kwa nguo za kukizunguka kisiwa. Wako wanavyuoni waliosema kuwa hicho ni kisa kilichotungwa ili watu wajipatie fahari. Mifupa haikuthibitisha majahazi saba wala nguo, wala haitaji mji wa Shirazi kwa jina. Lakini imethibitisha kwamba watu wa Uajemi walikuja kweli, na wakati wenyewe ni karibu na ule uliosimuliwa. Ni haki kuwashukuru wazee waliohifadhi khabari hii kwa vinywa na kalamu.

Lakini mifupa hiyo hiyo imesema na neno la pili, nalo ndilo ambalo silsila zetu zimelinyamazia. Mtu akifungua silsila ataona fulani bin fulani bin fulani, wanaume watupu, mpaka ng'ambo ya bahari. Mama hayumo. Kumbe mama ndiye aliyekuwa hapa tangu mwanzo, ndiye aliyetoa zaidi ya nusu ya damu, na ndiye aliyetoa lugha. Mtoto wa Mwajemi hakukua akisema Kiajemi, alisema lugha ya mamake. Kiswahili chetu kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, na ya Kiajemi pia, lakini mifupa yake ni ya Kibantu: mtu na watu, kiti na viti, na jinsi kitendo kinavyojengwa. Basi miili na lugha zimetoa ushahidi mmoja. Hata katika masimulizi yetu wenyewe dalili hii ilikuwapo kwa mwenye kutaka kuiona. Watu wa Mombasa humtaja Mwana Mkisi, mwanamke aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Na watu wa Kilwa husimulia juu ya mzee Mrimba, ambaye binti yake aliolewa na mgeni aliyekuja kuwa sultani. Akina mama hawa tumewataja katika visa, tukawasahau katika fahari.

Hapa ndipo suala lenyewe linapoanza. Tumeshapata khabari, je, khabari hii yatoa hukumu gani juu yetu? Kujua kuwa jambo limekuwa ni kitu kimoja, na kujua kuwa lina daraja ni kitu kingine. Mwenye mizani aweza kukuambia uzito wa dhahabu na uzito wa chuma. Hawezi kukuambia kwa mizani ile ile ni nani aliye mwema baina ya muuzaji na mnunuzi. Vinasaba ni mizani ya namna hiyo, navyo husema babu alitoka wapi. Havisemi alikuwa mkweli au mwongo, mkarimu au bakhili, wala havisemi mjukuu wake anastahiki nini. Anayetoka katika khabari akaruka mpaka daraja ameacha nafasi tupu katikati, na nafasi hiyo huijaza kwa kibri chake au kwa hasadi yake.

Watu wa aina mbili tunawahofia katika jambo hili, na kila mmoja ana hoja yake.

Wa kwanza atasema: "Mmeona? Sisi ni Waajemi na Waarabu, hatuko sawa na hawa." Huyu twamjibu kwa mambo matatu. Kwanza, ameisoma nusu ya barua. Ushahidi uliomthibitishia babu ndio huo huo uliomthibitishia bibi. Akimkataa mmoja hana haki ya kumshika mwengine. Pili, na ahesabu. Mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16. Kizazi cha kumi ni 1,024. Kizazi cha thelathini, ambacho ni kama miaka 900 nyuma, hesabu yafika 1,073,741,824, na dunia nzima zama hizo haikuwa na watu wengi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba wazee wale wale wamerudi mara nyingi katika hesabu, na kwamba wewe na jirani unayemdharau mna wazee wengi mmoja. Katika bahari hiyo ya watu, kuchagua babu mmoja na kusema "huyu ndiye mimi" ni kama mtu kuchota kikombe baharini akasema hii ndiyo Bahari ya Hindi. Tatu, waliochunguzwa wengi walizikwa karibu na misikiti, mahali pa wenye jaha mjini. Wavuvi, wakulima na watumwa wa miji ile hawakupata makaburi ya mawe. Na watafiti wenyewe wamesema kuwa mchanganyiko wa baadaye, wa watu wa Asia na wa Afrika, umewabadilisha watu wa pwani wa leo, hata hawako sawasawa na wale wa kale. Basi mtu wa leo hawezi kuichukua cheti ya maiti wa Manda akaitia mfukoni mwake.

Wa pili atasema: "Mmekiri wenyewe kuwa ni wageni, rudini kwenu." Huyu naye amesoma nusu, ila ni nusu nyingine. Tutarudi wapi, na mama zetu hawakutoka popote? Na hata upande wa baba, mtu aliyekuja miaka elfu iliyopita, akazaa hapa, akazikwa hapa, akiitwa mgeni, basi hakuna mwenyeji duniani. Watu wa lugha za Kibantu nao, kama elimu hii hii ilivyoonyesha, wazee wao walitoka pande za Kameruni na Nijeria, wakasafiri kwa karne nyingi mpaka wakafika huku, wakachanganyika na waliowakuta. Waajemi ni mchanganyiko, na Waarabu ni mchanganyiko. Haki ya mtu juu ya nchi hutokana na kuishi kwake humo kwa uadilifu na kuitumikia, haipimwi kwa mfupa.

Tusidhani kuwa haya ni maneno ya kupitisha wakati. Wakati wa utawala wa Waingereza sheria iliwagawanya watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo ukachukuliwa katika kodi, katika kura na katika haki nyingine. Hata watu wa mtaa mmoja, wenye msikiti mmoja, wakawa wanashindania jina. Na Januari 1964, katika kisiwa cha Unguja, watu wengi waliuawa na wengine wakafukuzwa kwa kuwa waliitwa Waarabu, na katika waliouawa walikuwamo ambao bibi zao na bibi za waliowaua walikuwa wa nchi moja. Kabla ya siku hiyo wengine walikuwa wamedharauliwa miaka mingi kwa kuwa waliitwa watumwa na washenzi. Dharau ilitangulia na damu ikafuata, na zote mbili zilisimama juu ya msingi mmoja wa uwongo, nao ni kwamba asili ya mtu ni thamani yake.

Pengine mtu mkweli atatuuliza: Je, michanganyiko hiyo ilikuwa ya ndoa na ridhaa, au ya nguvu? Suala hili ni la haki, wala hatutalikwepa. Mifupa haiwezi kutenga nikaha na utekaji. Katika zama zile za mwanzo twaona dalili za heshima: lugha ya mama ndiyo iliyoshinda, na desturi ya kumpa binti nyumba, ambayo Lamu ilijulikana kwayo, si desturi ya watu wanaowaona wanawake wao kuwa mateka. Lakini katika karne ya kumi na tisa wanawake wengi waliletwa kutoka bara kwa utumwa, wakazaa katika nyumba za waungwana, na hawakuulizwa ridhaa yao. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani hivyo. Kuwa wao ni bibi zetu ni sababu ya kukiri dhulma iliyowapata. Na hata katika zama hizo sheria ya dini haikumshusha mtoto wa suria: wana wa Sayyid Said bin Sultan waliotawala Unguja walizaliwa na masuria, na mama yake Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, alikuwa Mhabeshi. Basi mtu anayemtukana mwenzake kwa bibi yake, na ajiulize kwanza bibi zake yeye walikuwa akina nani.

Na dini yasema nini? Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imeeleza hikma ya kuwako mataifa na makabila, nayo ni watu kujuana. Kisha ikaweka utukufu mahali pengine, katika ucha Mungu. Basi elimu ya kujua asili haikukatazwa, bali imo ndani ya hiyo hikma ya kujuana. Lililokatazwa ni kuifanya ngazi.

Katika sira kuna visa vinavyohusu jambo hili hasa. Usama bin Zaid alikuwa mweusi kama mamake, Ummu Ayman wa Uhabeshi, na babake Zaid alikuwa mweupe, na watu wakaitia shaka nasaba yake. Siku moja Mujazziz, mtu mwenye elimu ya kutambua asili kwa viungo vya mwili, aliwakuta wamelala wamefunikwa nguo, miguu tu ikionekana, akasema kuwa miguu hiyo ni ya watu wa asili moja. Mtume, sala na amani zimshukie, akafurahi mpaka uso wake ukang'ara. Elimu ya mwili iliwaondolea watu tuhuma, na furaha ilikuwa kwa sababu hiyo. Mtu mwengine alikuja akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Akaulizwa juu ya ngamia zake wekundu, je, hakuzaliwa katika hao mwenye rangi ya kijivu? Akasema yuko. Akaambiwa kuwa huenda ni mshipa wa asili uliomvuta, na mtoto naye ni vivyo hivyo. Hivyo karne nyingi kabla ya maabara za leo watu walifundishwa kuwa ndani ya mtu mna wazee wasioonekana usoni, na kwamba rangi si shahidi wa kutegemewa.

Atasema mtu wa fikihi: "Lakini wanavyuoni wametaja kufu ya nasaba katika ndoa." Ni kweli wako waliotaja, na wako waliosema kufu ni ya dini tu. Na hao waliotaja wameifanya ni haki ya mwanamke na walii wake, waweza kuiacha. Hawakuifanya ni faradhi ya kuwaweka mabinti majumbani mpaka wazeeke. Fatima binti Qais alikuwa wa Kikuraishi, na Mtume alimshauri aolewe na nani? Na Usama yule yule, mtoto wa Zaid aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Kwanza hakupendezwa, kisha akakubali, na akaiona kheri. Kijana mwenye dini, tabia njema na kazi ya halali akija kuposa, akakataliwa kwa kuwa babu yake hakutoka ng'ambo, na mkataaji ajue kuwa bibi yake yeye mwenyewe hakutoka ng'ambo pia.

Limebaki neno moja juu ya makaburi. Dini yetu imeheshimu mfupa wa maiti kama wa aliye hai, na haifai kufukua kwa ajili ya udadisi au kujifaharisha. Tunawataka wanaofanya elimu hii waombe idhini ya watu wa mji, wachukue kidogo kinachotosha, na warudishe ardhini kilichotoka ardhini. Na tunawataka watu wetu wasiwaachie wageni peke yao elimu hii. Wapelekeni vijana wakaisome, ili khabari zetu zisomwe na watu wanaojua majina ya mitaa yetu.

Basi ndugu zetu, andikeni silsila zenu, hatuwazuii. Lakini andikeni na mama. Andikeni bibi wa Lamu na bibi wa Taita, wa Uhabeshi na wa Nyasa, kwa majina kama mnayajua, na kama hamyajui andikeni kwamba alikuwako. Yule mzee aliyekuja kwa jahazi hakuijenga nyumba hii peke yake. Na kila mmoja wetu ataulizwa juu ya matendo yake, wala hataulizwa babu yake alishuka bandari gani.

Wabillahi taufiki.